Chupa ya Mkemia

Miaka miwili baada ya kuhitimu, binti mmoja alikuwa amezoea kuulizwa "vipi, kazi bado?" na kila aliyekutana naye, mpaka muuza nyanya. Shahada yake ya kemia ilikaa kwenye bahasha chini ya godoro la mama yake, ikilaliwa kila siku. Kwa hiyo barua ilipotoka idara ya maji ya mji ule wa mbali, ikimtaka aripoti maabara kwa majaribio ya miezi sita, hakuna aliyeuliza mji wenyewe ukoje. Njaa haichagui sahani. Mama yake alimnunulia chupa ya maji ya kijani, ya lita moja, yenye kamba ya kuning'iniza begani, na walipofika stendi akampa mausia mawili tu: asinywe maji ya njiani, na amheshimu mama yake mdogo, ambaye angeishi kwake kule.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, mpangaji wa vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba sita iliyozunguka ua wenye bomba moja la maji. Alimpokea binti kwa mikono miwili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akimtua begi. Kisha akawageukia majirani waliokuwa wametoka kuangalia. "Huyu ni mwanangu. Dada yangu alimzaa tu."

Alipotaja kazi iliyomleta binti, ua mzima ulifurahi. Kuanzia jioni ile hakuna aliyetumia jina lake tena. Akawa Mkemia. Jirani wa chumba cha pili, mwanamke mchangamfu aliyeitwa Mama Pacha, alimletea wanawe wawili wa kike awashike. Walikuwa na miezi sita. Mmoja aliitwa Mkubwa na mwenzake Mdogo, ingawa walipishana kwa dakika saba tu. Mdogo alikamata kamba ya ile chupa ya kijani akaitia mdomoni, na Mkemia akacheka kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao.

Kazini alimkuta mkuu wa maabara, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, mpole, mwenye kugawana chai yake na mtu yeyote. Wafanyakazi walimwita Bwana Wastani, kwa sababu kila ulipomletea tatizo la namba alikuambia utafute wastani uendelee na maisha. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila Jumatatu yalitakiwa kuchukuliwa maji kutoka sehemu kumi za mji, kila sehemu na kichupa chake, na kupimwa kama dawa ya kuua vijidudu bado imo. Unatia kidonge kwenye maji. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Yakibaki meupe, hakuna kitu. Sehemu ya kumi, ya mwisho kabisa kwenye bomba, ilikuwa mtaa wa mama mdogo.

Jumatatu ya kwanza Mkemia alivaa viatu vya kutembelea. Bwana Wastani akavitazama, akamwonyesha gari la maabara dirishani. Lilikuwa juu ya mawe manne, halina hata gurudumu moja. Kisha akachukua vichupa kumi vyenye lebo, akaenda navyo kwenye bomba la kumwagilia maua, palepale kwenye mtambo, akavijaza vyote kimoja baada ya kingine.

"Na hivi vya mitaani?" Mkemia aliuliza.

"Ndivyo hivi, mwanangu. Bomba si ni moja? Maji yanayotoka hapa ndiyo yanayofika kule. Au kule wana mto wao?"

Mkemia alicheka kwa adabu. Hakukosa elimu. Alijua dawa hupungua njiani, na kwamba bomba kuukuu lenye matundu, lisilo na presha siku nne za wiki, hunyonya kila kilicho jirani yake mtaroni. Alijua hayo yote kwa kuandika na kwa kuchora. Lakini mfanyakazi wa majaribio amekalia kuti kavu, na kule nyumbani godoro lilikuwa limepumzika kulalia shahada. Vichupa kumi viligeuka rangi ya waridi, vyote sawasawa, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa "Imepimwa na", akatia saini yake. Wiki ya kwanza ilimnyima usingizi. Wiki ya tano alikuwa anavijaza mwenyewe huku akipiga soga na mtunza bustani. Mtu huzoea. Hata kiatu kinachobana hufika siku ukasahau kwamba kinabana.

Aliyemzindua ni mama mdogo. Siku zote mama mdogo alichemsha maji ya kunywa kila jioni kwenye sufuria kubwa, na Mama Pacha vivyo hivyo, maana mjane mwenye akili na mama wa watoto wachanga hawahitaji kuhubiriwa. Mwezi wa pili wa majaribio yake, Mkemia alirudi kutoka kazini akaikuta sufuria imefunikwa kifudifudi na mama mdogo anakunywa moja kwa moja kutoka bombani.

"Hujachemsha, mama mdogo?"

"Nichemshe nini, na mpimaji analala humu ndani?" Mama mdogo alipaza sauti ili ua mzima usikie. "Mkaa wote ule tulikuwa tunauchoma kwa ujinga. Nimemwambia na Mama Pacha aache. Saini ya mwanangu ndiyo moto wetu."

"Tuchemshe tu. Tahadhari si mbaya."

"Mnamwona alivyo mnyenyekevu?" mama mdogo aliwauliza majirani, na majirani wakakubali kwamba ni mnyenyekevu.

Kesho yake Mkemia alifunga vidonge vitatu kwenye leso, akatia na kichupa ndani ya mkoba. Siku maji yalipotoka alikinga pale uani, akajifungia chumbani, akatia kidonge. Akahesabu hadi sitini. Maji yalibaki meupe. Akarudia cha pili. Akatia cha tatu, akahesabu hadi mia mbili, na maji yakabaki meupe vilevile. Aliogopa, na aliogopa kwa haki.

Alipomwambia Bwana Wastani, mzee alifunga mlango wa maabara na kuvua miwani.

"Unataka kuandika sifuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Andika. Ni haki yako. Lakini ukiandika sifuri wiki hii, watakuja kuuliza wiki nane zilizopita ulikuwa unaandika nini. Mimi nitasema nini? Fomu zina saini yako." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mzazi anayemwonya mtoto asiguse jiko. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Thibitishwa kwanza. Ukishathibitishwa, mtu hakufukuzi kirahisi. Hapo utasema, na mimi nitakuunga mkono."

Mkemia alishika hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililomfaa. Nitasema nikishathibitishwa. Miezi minne si mingi. Na kuanzia siku ile akawa anaijaza ile chupa ya kijani kwenye bomba la maua kila jioni kabla ya kutoka, anarudi nayo begani, anakunywa hayo tu. Aliyachanganya na ya mama mdogo pale alipopata nafasi, mama mdogo akiwa amegeuka. Ya Mama Pacha hakuweza kuyachanganya. Mlango ule haukuwa wake.

Nitasema ukweli hapa, maana msimulizi akianza kumbembeleza mtu wake hadithi inaoza. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anawabeba wale watoto kila Jumapili, na Mdogo alishaanza kumjua, akiona ile kamba ya kijani ananyoosha mikono yote miwili. Kuna siku tatu au nne ambazo Mkemia alifungua mdomo aseme. Akaishia kusalimia tu. Kusema "chemsha" hakutoshi bila kusema kwa nini, na hiyo "kwa nini" ilikuwa na saini yake.

Mwezi wake wa tano kazini mvua zilianza. Mitaro ilijaa mpaka ikawa sawa na barabara, na maji ya bombani yakatoka na harufu ya udongo. Mama mdogo alisema ni kutu. Jumatano, Mdogo alianza kuharisha. Alhamisi akawa halii tena kwa sauti, na Mama Pacha, aliyekuwa amefundishwa kliniki kwamba mtoto akiharisha apewe maji kwa wingi, alimpa kijiko baada ya kijiko kutoka kwenye jagi lake.

Mkemia aliyakuta hayo alipotoka kazini. Alisimama mlangoni pa jirani, chupa begani.

"Mpe haya," alisema, akimnyooshea ile chupa.

Mama Pacha aliinua uso. Hakuwa amelala usiku mzima. "Haya yana nini?"

"Nimeyachota kazini."

"Si ndiyo haya haya?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja. Mkemia akasikia maneno ya Bwana Wastani yakitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Ndiyo haya haya. Bomba ni moja."

"Basi kunywa wewe, mdogo wangu, umetoka kazini umechoka," Mama Pacha alisema, akaendelea na kijiko chake.

Saa moja baadaye Mkemia mwenyewe ndiye aliyetafuta gari, ndiye aliyembeba Mdogo hadi hospitali. Daktari aliuliza wanakunywa maji gani. Mama mdogo, aliyekuwa amewafuata na kanga ya mtoto, alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote: ya bomba, na yamepimwa. Daktari akaandika. Ijumaa asubuhi Mdogo alifariki, na muuguzi akaja kumuuliza Mama Pacha jina kamili la mtoto kwa ajili ya cheti.

Baada ya mazishi majirani waliendelea kumwita Mama Pacha. Wangemwitaje? Kila walipomwita aliitika, naye Mkubwa mgongoni aligeuza kichwa upande ule ambao mwenzake alizoea kuwa.

Barua ya kuthibitishwa ilitoka wiki ya tatu baada ya hapo. Bwana Wastani aliileta mwenyewe hadi mezani, akampa mkono. Mkemia akamkumbusha ahadi.

"Na sasa, mzee? Tuseme?"

Bwana Wastani aliangalia dirishani, kwenye lile gari juu ya mawe. "Sasa kuna mtoto amekufa," alisema. "Sasa ndiyo hatuwezi kabisa."

Mama mdogo aliibandika ile barua ukutani kwa pini, juu ya cherehani. Ilikuwa hapo Jumapili mchana Mama Pacha alipoingia. Alikuwa amembeba Mkubwa, na mkononi ana jagi la maji. Mama mdogo alikuwa anashona mlangoni kwenye mwanga, Mkemia amekaa kitandani.

"Mkemia," alisema Mama Pacha, "nimekinga haya sasa hivi. Nakuuliza tu. Nichemshe, nisichemshe?"

"Chemsha, dada."

Mama Pacha aliafiki kwa kichwa, lakini hakuondoka. Macho yake yalikwenda kwenye msumari ilipotundikwa ile chupa ya kijani.

"Nichemshe tangu leo? Au ilitakiwa nichemshe tangu ulipoanza kuja na chupa yako?"

Cherehani ikanyamaza. Mama mdogo alikuwa mshonaji wa miaka ishirini, mtu wa kuona uzi uliopotoka hata kabla nguo haijavaliwa. Alimtazama Mkemia usoni mara moja tu, akajua. Na bado alimtetea.

"Tangu leo," alisema haraka. "Ni hizi mvua, zimeharibu bomba. Mwanangu asingejua akanyamaza. Huyu? Asingeweza."

"Namuuliza yeye, mama," alisema Mama Pacha kwa upole.

Mkemia aliangalia ile barua ukutani, yenye muhuri wa bluu. Aliona wazi kwamba njia ya kutokea imeachwa wazi, na aliyeiacha ni mama yake mdogo, kwa mapenzi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, kazi aliyokuwa ameshaizoea.

"Tangu chupa," alisema. "Na kabla ya chupa. Kwenu sijawahi kupima hata siku moja kwa kazi. Nilipima mara moja, kwa siri, na hayakuwa na dawa."

Mama Pacha hakupiga kelele. Mkemia alizitamani kelele, hata kofi. Mwanamke yule aliliweka jagi sakafuni taratibu, akiangalia lisimwagike, akarekebisha kanga ya mtoto mgongoni, akatoka. Walisikia mlango wake ukifungwa, kisha komeo.

Mama mdogo akainuka, akaigeuza ile sufuria kubwa iliyokuwa kifudifudi tangu mwezi wa pili, akaisuuza, akamimina maji ya lile jagi ndani yake na kuwasha jiko. Aliketi mbele yake mpaka yakachemka, yakaendelea kuchemka, yakapungua hadi nusu, naye hakuyaepua.

Mkemia alijaribu. "Mama mdogo, kesho nitakwenda kwa mkurugenzi. Nitaandika yote."

"Nenda," alijibu, bila kugeuka.

Jioni alikuja mteja mpya kupimwa gauni, mwanamke wa mtaa wa pili. Alimsalimia Mkemia, akamuuliza mama mdogo huyu binti ni nani, maana hajapata kumwona. Mama mdogo alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Yupo hapa kwa muda."