Mechi ya Mama Kasuku

Kasuku hakupewa jina hilo bure. Jamani, yule mtu alikuwa anaongea! Enzi zake redioni alikuambia nani ana mpira, yuko upande gani, anakimbia au anachechemea. Hata soksi ya beki ikishuka, ungejua. Televisheni wakamnyakua. Wakamvalisha suti, wakampa na sharti: usiwaambie watu wanachokiona. Taja jina la mchezaji, kisha nyamaza, picha iongee.

Akanyamaza. Ilimbana kama kiatu kidogo, lakini alinyamaza.

Kazi ilikuwa kwa mama yake. Kila mechi ikiisha, simu. "Mwanangu, siku hizi wanakulipa ukae kimya?" Kasuku alicheka akidhani ni utani wa siku zote, maana mama huyo kwa mpira hana mchezo. Mwamuzi akikosea, atatukanwa yeye na ukoo wake.

Jumapili moja akamtembelea bila taarifa. Televisheni ilikuwa inarudia mechi aliyoitangaza mwenyewe. Mama kaketi uso kaugeuzia dirishani, sikio ndilo kalielekeza kwenye televisheni. Aliposikia mlango akadhani ni jirani.

"Hebu niambie, nani ana mpira?"

Kasuku akamsogelea. "Mama, huoni?"

"Ah, ni wewe! Naona ukungu tu, tangu mwaka jana. Ulikuwa na furaha na kazi yako mpya, ningekuambia nini?"

"Si ungesikiliza redio?"

"Nimsikilize nani? Huyo wa redioni sikumzaa mimi."

Alirudi kwake moyo mzito. Muda wote huo alikuwa akiikumbuka redio bila kujua anachokikumbuka hasa. Kumbe ni huyu, aliyekuwa akimfuata neno kwa neno.

Siku ya fainali, mpira ulipoanza tu, Kasuku akafunguka. Namba saba anauvuta kushoto, beki kateleza, kainuka, jezi imejaa matope! Sauti ya mwongozaji wa matangazo ikamlipukia kwenye hedifoni.

"Wee Kasuku! Watu wanaona!"

"Si wote," akajibu mapumziko yalipofika.

"Kipindi cha pili ukiendelea hivyo, kiti hicho unakiacha leo leo."

Kiti chenyewe alikitamani tangu ujana wake. Kipindi cha pili kikaanza, naye akaendelea, tena kwa kasi zaidi, mpaka penalti ya mwisho.

Hawakutania. Wakamshukuru kwa adabu, wakamtaka arudishe kitambulisho. Hakubishana. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta kakaa mlangoni.

"Umenisikia, mama?"

"Nikusikie wapi, mwanangu? Umeme umekatika mtaa mzima, hata kabla mpira haujaanza! Nilisikia kelele za mtaa wa pili tu. Roho imeniuma mpaka basi."

Kasuku akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Mama akampapasa uso asijue kumetokea nini, naye hakumwambia habari ya kazi. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alivuta kigoda, akakohoa, akaanza tangu timu zinaingia uwanjani: nani kavaa nini, nani anafunga kamba za viatu. Mama kafumba macho, anaguna, anamlaani mwamuzi.

Walipofika kwenye penalti, mama akamshika goti.

"Taratibu, baba. Usiniharakishie."