Duara Jekundu la Nevio Zanforlin

Timu yetu ya Corbanera inacheza ligi daraja la nne, na katika daraja hilo kuna sheria moja inayonitoa jasho kila Jumapili. Tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, lazima uwe na vijana wanne uwanjani, waliozaliwa miaka inayotajwa na shirikisho. Wakipungua hata dakika moja, unapokwa mechi mezani, tatu bila. Mimi ndiye katibu wa timu. Naandika orodha ya wachezaji, na kila kijana anayecheza namzungushia duara jekundu nisije nikakosea hesabu. Katibu aliyenitangulia alikosea mara moja tu. Tulikuwa tumeshinda; Jumatano tukaambiwa tumefungwa, naye akahamia kwa dada yake Verona.

Nevio Zanforlin alitufikia akiwa na miaka kumi na minane, baada ya akademi ya timu kubwa kumwandikia barua ya shukrani, ambayo kwenye mpira ndiyo barua ya kufukuzwa. Alikuwa beki wa kushoto, mwembamba, si mwepesi sana, mwenye masikio makubwa. Misimu miwili alicheza karibu kila mechi, na hakuna aliyeona ajabu, maana kila mtu alijua kinachocheza ni mwaka wake wa kuzaliwa. Wenzake walimwita Cheti. Girardi, mshambuliaji wetu wa miaka thelathini na minne na mkwe wa rais wa klabu, alipenda kumwambia mbele za watu: "Cheti, mpelekee mama yako maua. Alijua kuzaa kwa wakati."

Msimu wa pili ulipokaribia kwisha, Nevio alinifuata chumba cha kufulia nikiwa napanga soksi. Msimu uliofuata mwaka wake ungetoka kwenye sheria. Vijana wa namna hiyo huachwa mwezi wa Juni, bila ugomvi, kama mti wa Krismasi unavyotolewa nje Januari.

"Mama Wilma," akaniuliza, "ningezaliwa miaka miwili mapema, ningecheza hata mechi moja?"

Nikamwambia angecheza. Nilijibu haraka mno, naye akaisikia ile haraka. Aliniudhi kwa kuuliza, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba jibu sikulijua. Marangon, kocha wetu, hakuwahi kumsifu wala kumkaripia. Asubuhi alifundisha hesabu shuleni, jioni alitufundisha sisi mpira, na kote aliongea kwa kipimo kilekile.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare ili tusishuke daraja. Dakika ya sitini na nane, bila bila, winga wetu mkongwe alichanika msuli wa paja, akaingia kijana Pivetta. Nikamzungushia duara, nikahesabu: kipa, beki wa kati, kiungo, Nevio, na sasa Pivetta. Watano. Kwa mara ya kwanza katika misimu miwili, sheria haikumhitaji Nevio.

Jukwaani rais wetu, Bwana Bolzonella mwenye kiwanda cha kuku, alikuwa amechoka kusubiri bao. Akaanza kupaza sauti Girardi aingie, Cheti atoke. Girardi akavua koti bila kuambiwa na mtu. Marangon akanigeukia na kuniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye kibanda cha mikate ya nyama ya nguruwe:

"Katibu, nikimtoa Zanforlin tunapokwa mechi?"

Mkononi nilikuwa na karatasi yenye maduara matano.

"Tunapokwa, Mwalimu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bolzonella akaketi, Girardi akavaa koti lake. Nilikuwa nimedanganya kwa ajili ya masikio mawili na swali moja, na kama tungefungwa, mimi nisingekuwa na dada wa kumkimbilia.

Dakika ya tisini wakapata kona. Kipa wetu akaufuata mpira, akaukosa, na mabeki wakabaki wanamtazama yeye. Nevio alikuwa kwenye mlingoti wa goli, pale pale aliposimama kila kona kwa misimu miwili, hata siku ambazo mpira haukuja. Safari hii ukaja. Akauondoa kwa mguu wa kushoto, ukaenda kuangukia gari la Bolzonella. Tukabaki daraja la nne.

Juni, Marangon aliniletea ofisini orodha ya wanaobaki. Jina la tatu lilikuwa Zanforlin. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba siku ile vijana walikuwa watano na nilimdanganya.

Aliendelea kuitia sahihi orodha yake. "Mama Wilma, nimefundisha hesabu miaka ishirini na saba. Unadhani tano inanishinda?"

Nikamuuliza kwa nini basi siku ile aliniuliza mimi. Akasema rais hamsikilizi kocha, lakini karatasi yangu anaiogopa.

"Na kama ningesema ukweli?"

"Ningekuambia uhesabu tena."

Septemba, kabla ya mechi ya kwanza, nilibandika orodha kwenye mlango wa chumba cha kuvalia. Nevio alikuja kuisoma kama kawaida yake. Alipomaliza akaniita.

"Mama Wilma, umesahau duara langu."

"Sijasahau."

Akaisoma upya, kuanzia jina la kwanza. Halafu akaenda kukaa karibu na Girardi, akavaa viatu. Alifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena. Girardi akasogeza begi lake kumpa nafasi. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikaenda kuhesabu soksi.