Sare za Walinzi

Tangu asubuhi miguu ya Benedicte haikutulia. Mara ilikanyaga cherehani mbio, mara ilisita, hata uzi ukakatika.

Walikuwa wanne katika chumba kimoja mtaa wa Kisugu, Kampala, wakishona bila bosi. Hilo lilikuwa wazo la Anselme, Mkongo mwenzake, aliyesoma falsafa kabla ya vita kumkimbiza. Aliwaambia kuna watu waitwao waanaki, wanaosema hakuna aliyezaliwa kumtawala mwenziwe. Baadaye akajifunza kwa Wabudha kukaa kimya na kupumua, akaongeza kuwa mtawala wa kwanza wa kumpindua ni tamaa yako mwenyewe. Sheria yao ilikuwa moja: jambo likiletwa, asiyelitaka anasimamisha cherehani, nalo halifanyiki mpaka zote zizunguke tena.

Leo Raisa, mmoja wa wale wanne, alileta jambo. Kampuni ya walinzi ilitaka sare, kazi ya miezi mingi. Akatandaza shati la mfano: kijani kilichokolea, mikanda mabegani.

"Banange!" Aciro, mshonaji wa nne, akapiga makofi. "Tutakula kuku mpaka tukinai."

Mguu wa Benedicte ukaganda, cherehani yake ikasimama. Watu waliochoma kijiji chao kule Kongo walivaa mashati kama lile. Chumba kizima kikamgeukia, yeye ambaye hajawahi kukataa kitu.

"Dada, umechoka tu. Kanyaga," Aciro akasema.

Anselme akafumba macho, akaongea kwa upole. "Ni kitambaa tu, Benedicte. Unachoshikilia ni hasira ya zamani. Vuta pumzi, uiachilie."

Benedicte akavuta. Akavuta tena. Kifua kikazidi kuwaka.

"Kaka Anselme," alisema, "ungesema 'shona', ningejua wewe ni bosi, nikakukatalia. Sasa unaniambia nipumue. Nikukatalie vipi?"

Raisa akaguna. "Hapo umepatikana, mwalimu."

"Mimi si mwalimu wa mtu!" Anselme akafoka, na hawakuwahi kumsikia akifoka. Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini kweli, nilitaka akubali. Naitaka kazi hiyo."

"Hata mimi naitaka," Aciro akasema. "Watoto wangu hawali falsafa."

"Basi kashone huko kwenye kampuni," Anselme akasema. "Hakuna atakayekushika."

Aciro hakuinuka. Raisa akachukua simu, akatoka mlangoni kuipigia kampuni.

"Hapana, bwana, hatuna mkubwa wa kuongea naye. Ongea na mimi tu... Si bei. Mwenzetu hataki... Ndiyo, mmoja."

Ndani, Aciro alikuwa bado hajamtazama Benedicte.