Vidonge Saba

Mkaguzi hakusalimia. Aliingia, akaweka mkoba mezani, akaomba makopo yote ya dawa yaliyorudishwa mwezi uliopita, kisha akauliza ufunguo wa kabati hukaa kwa nani.

"Kwangu," alijibu muuguzi. "Na kwa mfamasia."

Mkaguzi akaandika. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo, Kiswahili chake cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi zilizokuwa zikijaribu dawa mpya ya presha, kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotendeka. Muuguzi alimtazama akimimina vidonge kwenye sinia la kuhesabia, akivisukuma viwili viwili kwa kijiti, akajiona kama mwizi ingawa hakuwa ameiba hata uzi.

Yeye mwenyewe aliitamani kazi ya kuzunguka hivyo. Alianza kwa kuwafunga watu kipimo cha presha mkononi. Sasa, mwaka wa sita, alisimamia wagonjwa arobaini wa utafiti, na alikuwa akingoja barua ya kumpa usimamizi wa kliniki za nchi tatu. Mama yake, mjane, aliiombea barua hiyo kila alfajiri, na kumtajia Mungu mpaka namba ya sanduku la posta, isije ikapotea njiani.

"Saba," alisema mkaguzi. Kopo la pili, saba. La tatu, la nne, saba. Kila mgonjwa alipewa vidonge thelathini na vitano vya siku ishirini na nane. Asiyeruka hata siku moja hubakiza saba. Kati ya makopo arobaini, thelathini na nane yalikuwa na saba.

"Nimefanya kazi nchi tano," alisema mkaguzi. "Watu husahau. Husafiri. Humgawia jirani. Wagonjwa wako ni malaika?"

"Ni watu wasikivu."

"Au kuna mtu anayewasaidia kuhesabu." Akamkazia macho. "Nitakaa mpaka Ijumaa."

Muuguzi alitoka mle. Yeye alijijua hakugusa. Basi nani? Wenye ufunguo walikuwa wawili tu, na yule wa pili naye aliomba kazi ileile. Mfamasia alikuwa mtu wa kucheka kwa pua, anayewahi kazini kuliko mfagizi. Anawahi nini? Siku mbili muuguzi alimchunga kama kuku achungavyo mwewe. Jumatano akamkuta mbele ya kabati, kopo sikioni, analitikisa.

"Unatafuta nini humo, kaka?"

"Ninachokitafuta unakijua, dada."

"Mimi?"

"Kopo halijipunguzi lenyewe. Na mimi sizami na mtu aliyetoboa mtumbwi kwa mkono wake."

Wakatazamana kama mke na mke mwenza, kila mmoja akashika ufunguo wake, hakuna aliyetangulia kumpa mwenzake kisogo.

Alhamisi ilikuwa siku ya kurudisha makopo. Muuguzi alifika mapema kuliko kawaida, akajibanza chumba cha stoo ili amwone mfamasia akifungua kabati. Dirisha la stoo lilitazama barazani, kwenye benchi la wagonjwa, na sauti iliyoingia ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke mtu mzima ambaye kliniki nzima ilimwita Shangazi.

"Haya, toeni makopo. Wewe baba, vimebaki vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Unakunywa dawa au unaifuga? Toa kumi na viwili, upesi, binti yetu hajafika."

"Vinanipa kizunguzungu, Shangazi. Juzi nusura niangukie jiko."

"Kwani mimi havinizungushi? Sindano moja naiona mbili, suruali ya watu nimeishona mguu mmoja mrefu. Lakini umesahau alivyosema mtoto wa watu? Tukibakiza vingi, kazi yake inaota mbawa. Toa, tia humu."

Vidonge vikalia ndani ya mfuko.

Muuguzi akajua ni yeye anayesemwa. Alikumbuka vizuri. Miezi minne nyuma, mtu alirudisha vingi, naye akasema kwa utani, "Mnataka nifukuzwe?" Aliyebakiza saba akampigia makofi mbele ya wote. Wakacheka. Kumbe utani wake wameubeba nyumbani kama wajibu.

Akinyamaza, mkaguzi hana ushahidi, na lawama huenda ikamwangukia mfamasia. Barua itakuja. Lakini dawa nayo itakwenda nchi za watu na karatasi zinazosema haina kizunguzungu, na sahihi chini ni yake. Mungu hadanganywi kwa karatasi.

Akatoka. Mlangoni alipishana na mfamasia.

"Nisamehe, kaka."

"Kwa lipi?"

"Nitakueleza."

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kalamu. "Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini. Nitamwita mmoja, umsikie mwenyewe."

"Kosa ni lako. Nitaliandika. Zile kliniki za nchi tatu, sahau." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nchi yangu ya kwanza kikazi, wagonjwa walinifanyia hivi miaka miwili. Mimi sikusikia dirishani."

Shangazi aliingia na kopo lake, akaona nyuso, akasimama. Alipoambiwa, macho yakamtoka.

"Kumbe ulikuwa umejibanza? Sisi tunakusitiri, wewe unatuvizia?"

"Shangazi, kazi niliyokuwa naitaka imeshakwenda. Hakuna cha kunifichia. Kizunguzungu kilianza lini?"

 Shangazi alimtazama mkaguzi, kalamu, mkoba, kisha tena mkaguzi.

"Huyu anayeandika atoke kwanza."

Mkaguzi akafunga kalamu. Akatoka, na mara hii akasema, "Samahani, mama."

Shangazi alikwenda akajaribu kitasa cha mlango mara mbili, akaja kuketi, kopo lake mapajani.

"Wiki ya pili," alisema. "Na si mimi tu. Andika, nikutajie."