Sindano Tatu za Ghorofa ya Nne

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya siku zake, na jengo wanaloishi wazazi wake halina lifti. Ghorofa ya nne. Daktari wa watoto akasema mtoto asitolewe nje mpaka afikishe kilo tatu. Binti yangu naye alijifungua kwa kupasuliwa, akakatazwa ngazi. Kwa hiyo anayetaka kumbeba mtoto apande mwenyewe, na mimi goti langu la kulia limesagika kwa miaka thelathini ya kukanyaga cherehani. Mume wa binti yangu, kijana mwenye adabu zake, akajitolea kunibeba mgongoni. Nikamwambia afadhali anizike pale pale mlangoni.

Hayo ningeyavumilia kama si mama yake. Mkwe mwenzangu huyo, bibi mzaa baba, goti lake bovu kuliko langu, alichomwa sindano moja tu, akapanda vipandio vyote themanini, na tangu siku hiyo hajashuka. Wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi ananitumia picha: mtoto kifuani kwake, mtoto begani kwake, na yeye kavaa gauni nililomshonea binti yangu kwa mikono yangu. Kampa mtoto na jina la utani, Kidonge, bila kuniuliza. Roho iliniuma mpaka nikakata suruali ya mteja ikawa kaptula.

Nikaenda kwa daktari wa mifupa. "Nataka ile ya mkwe mwenzangu," nikamwambia, "ila yangu iwe kali zaidi."

"Mama, zote ni asidi ya hayaluroniki," akasema. "Ni ute kama ule unaolainisha goti. Wako umekuwa majimaji."

Akapanga maboksi matatu mezani. La kwanza ute wake mzito, unachomwa mara moja ukamaliza. La pili mwepesi, mara tatu, wiki hadi wiki. La tatu limetokana na ule upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo, na halimfai mwenye mzio wa kuku au mayai.

"Jogoo sitaki," nikasema. "Jirani yangu anao watatu na wananitosha. Hizo mbili, ipi inashinda?"

"Kusema kweli, hakuna iliyoshinda waziwazi. Wengine hupata nafuu baada ya wiki kadhaa, wengine hawaoni kitu."

Jibu gani hilo? Mteja akiniuliza kitambaa kipi hakichuji, simwambii ngoja tuone. Nikaamua mwenyewe. Mafuta ya cherehani ni mepesi, grisi hushika vumbi ikaikaba mashine. Nikachagua nyepesi. Tena tatu kwa moja, nimeshamshinda.

"Lipumzishe siku mbili," daktari akasema akibandika plasta.

Nikaitikia vizuri, nikaenda dukani kwangu kufanya kinyume. Fundi yeyote anajua: ukishatia mafuta, unatoa uzi, unakanyaga mashine tupu kwa kasi mpaka yaenee kila pembe. Nikakanyaga saa nzima na nusu. Nikajiona mwerevu kuliko chuo kizima cha madaktari. Jioni goti lilikuwa nene sawa na paja.

Daktari hakunigombeza, na hiyo ilinichoma zaidi. Aliuliza nilichofanya, nikamweleza, kisha akaisogeza sindano ya pili mbele wiki mbili. Nikakaa kwenye benchi la nje nikalia. Kidonge anaongezeka uzito mikononi mwa mtu mwingine, na kosa ni langu.

Baada ya sindano ya tatu sikuona muujiza wowote. Maumivu yalipungua kidogo, basi. Nikachukua hicho kidogo nikaenda nacho kwenye zile ngazi. Ghorofa mbili za kwanza nilishika ukuta. Zilizobaki nilipanda kwa makalio, kinyumenyume, mama mzima na heshima zangu, wapangaji wakinipisha huku wakinisalimia kwa adabu.

Binti yangu akafungua mlango, akanikumbatia, akaenda kunitafutia maji. Mkwe mwenzangu alikuwa kitini, mtoto kifuani. Hakunyanyuka.

"Sindano yako kiboko," nikamwambia kwa uchungu. "Umehamia kabisa."

Akachungulia jikoni, akashusha sauti. "Mkwe, sishuki kwa sababu siwezi kushuka. Nilipanda kwa hasira, ili nikutangulie. Goti likagoma siku ile ile. Mwanangu sijamwambia, naona aibu. Hata nguo sina, navaa za binti yako."

Nikalitazama lile gauni. Lilikuwa limembana mpaka mshono wa ubavuni unaachia, kwa wiki zote zile nilizomlaani. Kisha nikageuka nikavitazama vipandio themanini nyuma yangu, na goti langu likaanza kupwita.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea, akanipa Kidonge. Mwepesi ajabu, na ana kidevu changu. Nilimshika hivyo muda mrefu, hakuna aliyeniharakisha.

Halafu nikampigia simu mume wa binti yangu kazini. Nikamwambia bado nazikumbuka adabu zake, na akirudi apitie dukani kwangu anibebee mgongoni cherehani ya mkono.