Uongo Wangu Ukurasa wa Saba

Nimekuwa mtu wa chumvi tangu nilipoota meno, na tangu nistaafu nimeongeza pilipili. Lakini uongo wangu kupokewa ofisini na kupewa risiti, hilo lilitokea mara moja tu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi bati. Alibuni kifuniko cha sufuria ya maziwa: katikati kina bomba fupi, ukingoni vitundu. Maziwa yakifura hupanda bombani, humwagikia juu ya kifuniko, kisha hurudi sufuriani kupitia vitundu. Amekigonga kwa miaka ishirini. Mwaka huu kiwanda kimoja kikaomba hataza ya kifuniko hichohicho, yaani kiwanda kitambuliwe kuwa ndicho mvumbuzi wake, na mtu mwingine asikitengeneze.

Shemeji alinijia na nyundo mkononi. "Wakipewa, nafunga karakana. Wewe si bingwa wa maneno? Leo yafanye kazi."

Nikaandika kurasa kumi na nne. Karani wa ofisi ya hataza, dada mmoja mwenye miwani, alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka hadi akavua miwani, akanirudishia zote.

"Mzee, tamu kweli. Ila sisi hatupokei masimulizi. Mtu wa nje anaruhusiwa kutuletea chapisho lililowafikia watu kabla ya tarehe ya ombi. Lete nakala, taja ukurasa, eleza kwa ufupi linahusiana vipi na ombi. Usigombane na mwombaji, hiyo kazi tuachie sisi. Mwisho Ijumaa."

"Ufupi kiasi gani, mwanangu?"

"Mistari mitano."

Nikashika meza. Mistari mitano mimi huwa bado nasalimia!

Nyumbani nikakumbuka jarida la mafundi la miaka kumi na tisa iliyopita. Niliandika humo habari za kifuniko, mchoro na vipimo vyote vikiwemo. Niliandika pia kwamba kilituliza maziwa ya ng'ombe mia tatu kwa mpigo, na ng'ombe mmoja akapiga makofi. Kwa kujivunia maandishi yangu, nililiazima jarida hilo maktaba, nikalilaza sandukuni chini ya makoti. Lilikuwa limelala humo mpaka siku hiyo.

Shemeji alipoona muhuri wa maktaba, akang'aka. "Nakala ya maktaba ilikuwa hiyo moja, nawe ukaificha? Sasa utasemaje iliwafikia watu? Shemeji, umenimaliza!"

Nikaanza kulirudisha chini ya makoti. Mke wangu ndiye aliyelichukua jarida, akalisogeza dirishani, akasoma tarehe za mihuri.

"Tulieni. Maktaba ililipokea tarehe tatu. Huyu mwizi wetu aliliazima tarehe tisa, mwezi huohuo."

Ijumaa asubuhi tulikuwa mlangoni kabla ya mfagiaji. Karani alihesabu kwa vidole.

"Siku sita rafuni. Yeyote aliyetaka angelisoma. Kanuni haiulizi wangapi walilisoma."

"Na yule ng'ombe wa makofi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Huyo hatumpimi, mzee. Tunatazama mchoro."

Nikajaza mistari mitano: ukurasa wa saba, bomba hili, vitundu vile, vipimo hivi. Nilipoanza wa sita, shemeji alinikanyaga mguu kwa kiatu cha kazi. Karani akagonga muhuri, akanikatia risiti.

Baada ya miezi minne tukaletewa nakala ya uamuzi: ombi limekataliwa, kifuniko kilikwishajulikana. Shemeji aliusoma kwa sauti mara tatu, akapanga vifuniko arobaini mlangoni pa karakana, akaanza kuvigonga kama ngoma. Majirani wakatoka, mke wangu akapiga vigelegele, nami nikacheza mpaka mgongo wangu, unaouma tangu nistaafu, ukasahau wajibu wake. Na hilo la mgongo ni kweli tupu.