Kaunta ya Chini, Kaunta ya Juu

Tangu ajali ya gari imwache kwenye kiti cha magurudumu, Mshonaji alikuwa mgeni katika jiko la nyumba aliyozaliwa. Kaunta ilimfikia kidevuni. Akisogea, magoti yaligonga milango ya makabati, ikabidi akae upande kama anayechungulia dirishani. Siku aliyojaribu kujichemshia chai, kitufe cha kuzima gesi kikiwa nyuma kabisa, alipitisha mkono juu ya moto na kuungua mpaka kiwiko.

Dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Jenerali, alimpaka dawa huku akisonya. "Nimekwambia mara ngapi? Kaa na cherehani yako. Chakula utaletewa."

"Nataka kupika mwenyewe, dada."

"Kwani changu kina sumu?"

Hakikuwa na sumu, ila kilikuja na masimango. Kila sahani ilitua mezani na neno lake: mgongo umeniisha kwa ajili yako, sina maisha kwa ajili yako. Na siku walizokosana, sahani haikuja kabisa.

Nyumba waliachiwa wote wawili na mama yao. Kwa hiyo Jenerali aliposafiri kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua, Mshonaji hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwita seremala. Makabati ya chini yaling'olewa upande mmoja, kaunta ikashushwa, chini yake pakabaki wazi ili kiti kiingie na magoti yake. Droo za kuvuta zikachukua nafasi ya rafu. Jiko jipya lilikuwa na vitufe vya kuwasha na kuzima kwa mbele, na sinki la kina kifupi likapata bomba la kusukuma kwa kiganja.

"Upande huu wa pili je?" seremala aliuliza.

"Huo upandishe. Dada ni mrefu. Akikata mboga anainama mpaka anatembea ameshika kiuno."

"Mnapendana sana."

"Hatupendani," alisema Mshonaji. "Sitaki tu aseme nimempora jiko."

Jenerali alirudi siku ile ile kazi ilipokwisha, akasimama mlangoni na begi mkononi. "Nani kaingia na shoka humu?"

"Seremala. Nilimwita mimi."

"Jiko la mama umelikatakata!"

"Mama alikuwa na miguu."

"Na mimi ninayo. Ndiyo kosa langu?"

"Kosa lako ni kuninyima chakula ukikasirika."

Jenerali alitoa macho. Mshonaji, aliyekuwa ameliweka neno hilo moyoni miaka yote, aliona raha chungu kulisikia likitoka.

"Haya," Jenerali alisema, akilitua begi sakafuni. "Tutaona nani atapika humu."

Asubuhi Mshonaji alimkuta dada yake ameinama kwenye kaunta ya chini, vitunguu na sufuria vimetapakaa pote.

"Yako ni ile ya juu, dada."

"Sipandi mimbarini mimi. Nitapika ninapotaka."

Ikawa hivyo kutwa, na kesho yake, na siku zilizofuata. Jenerali aliamka mapema kuiwahi kaunta, akaivamia mpaka giza liingie, amejikunja kama ndoano, jasho likimtiririka. Mshonaji alikula mkate mkavu chumbani kwake, akiapa kwamba hataomba hata maji. Aliusikia mgongo wa dada yake ukiguna kupitia ukutani, na hakumwonea huruma.

Kisha asubuhi moja kulisikika kishindo cha sufuria na ukelele. Jenerali alikuwa amepiga magoti sakafuni, kiuno kimekaza, hawezi kunyooka wala kulala.

"Usinicheke!"

"Sijacheka. Shika kiti."

Alijikokota akishikilia mkono wa kiti, akafika kitandani huku akitukana njia nzima. Mshonaji alirudi jikoni. Kwa mara ya kwanza kiti chake kiliingia chini ya kaunta. Alikata, akakaanga, akazima moto bila kunyoosha mkono juu yake. Alitamani kuila sahani ile peke yake, yote, mlango umefungwa. Aliitazama mpaka ikaanza kupoa, ndipo akaipakata na kuipeleka.

Jenerali alionja. "Chumvi imezidi."

"Basi rudisha."

Hakurudisha.

Mgongo ulipoachia, alikwenda mwenyewe kwenye kaunta ya juu. Alikata kabichi nzima amesimama wima, bila kushika kiuno.

"Usidhani nimekusamehe," alisema bila kugeuka.

"Sijaomba msamaha."

Tangu hapo kila mmoja alipika chake, wamepeana migongo, na majirani waliopita dirishani walisikia visu viwili na si zaidi. Jenerali hakuwahi kukubali kwamba jiko lile lilikuwa zuri. Mshonaji naye hakuwahi kumuuliza. Alikuwa anakula anachotaka, saa anayotaka, na hilo lilimtosha.